Uji wa Mifuko Iliyopasuka

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Hujambo? Kikohozi kimepoa? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, nalo nimeshalizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Dereva wa lori kanifikishia mzigo. Hiyo mifuko ya unga wa lishe mnayogawiwa kazini kwa sababu imepasuka, kwetu ni neema. Mume wangu mdogo, mwanao huyo, anakunywa uji asubuhi na jioni, mashavu yamemjaa, jirani ananiuliza huyu ni mtoto au mto? Ukija hutamjua. Akibakiza, Meneja anamalizia. Ndiyo, paka bado tunamwita Meneja, maana kazi yake ni ileile, kulala mlangoni na kufoka chakula kikichelewa.

Andika, mwanangu. Masikio yangu na simu hayaelewani.

Mama yako

15 Machi

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kusikia hamjambo. Kikohozi ni vumbi tu la kazini. Wamenitoa kwenye kufungasha, sasa nachanganya. Kuna unga mweupe unakuja kwa magunia kutoka ng'ambo, maandishi yake hakuna anayeweza kuyasoma. Tunaumwaga kwenye tangi moja. Bomba la huku linapeleka kwenye chakula cha mbwa na paka, la kule kwenye unga wa lishe wa watoto. Kwa hiyo mwambie mumeo asiringe, yeye na Meneja wanakula sufuria moja. Msimamizi anasema huo mweupe ndio unaoleta nguvu.

Nimempa dereva mifuko mingine. Nibusie mwanangu.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Unakula vizuri? Huku tupo.

Meneja amekufa. Najua ni paka tu, usinicheke. Alikuwa anakwenda kwenye mchanga, anachuchumaa, anachuchumaa, hakitoki kitu, anarudi ananitazama. Mwisho akaingia chini ya kitanda, hakutoka. Nimemzika nyuma ya nyumba. Mbwa wa mlinzi wa duka naye kafa vivyo hivyo, na yule nilikuwa nampelekea makombo ya uji, tulikuwa marafiki.

Mume wangu kapoa kidogo. Analala sana, macho yamevimba kama mtu aliyelia, na wala hakulia. Nadhani ni meno. Ila kuna jambo jema, nepi zimepungua! Zamani kamba nzima ilikuwa inajaa, sasa nafua moja, pengine mbili, na ya asubuhi naikuta kavu. Anakuwa mtu mzima, anamwonea huruma bibi yake na goti lake. Namwongezea uji apate nguvu.

Mama yako

9 Aprili

Mama, shikamoo.

Usimpe tena ule uji. Usimpe hata kijiko. Mpeleke hospitali leo hii, usingoje meno. Waambie hakojoi.

Maduka yanarudisha chakula cha mbwa. Wanyama wanakufa, figo zimeziba. Msimamizi anasema ni tatizo la wanyama, watu halitawagusa. Tangi ni moja, mama. Ametuamuru tuhamishie unga kwenye mifuko mipya, kazi iendelee.

Pale ulipoandika habari za nepi nimeparudia mpaka karatasi imelegea. Nijibu haraka.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Nauliza kwa mazoea, nisamehe.

Barua yako jirani kaniletea hapa wodi ya watoto. Tulikuwa tumeshafika. Mtoto aliamka mwili mzima umevimba, nikambeba, sikumbuki hata kama nilifunga mlango. Daktari aliuliza anakula nini, nami nikamjibu kwa kujivuna, uji mzuri. Figo zimejaa chengachenga kama mchanga. Wamemuunganisha na mashine ya kusafisha damu, inalia kama cherehani.

Baada ya kusoma barua nikamwambia daktari ni unga. Unga gani, bibi? Nikasema wa kupimiwa sokoni, muuzaji simjui. Nimekuficha, usije ukafukuzwa.

Kitu kimoja tu. Namba ya jirani unayo. Simu ingefika siku ileile. Barua iko njiani, mimi namnywesha, nakwangua na bakuli asibakize. Sikugombezi. Nimeitafuta hasira, sikuipata. Nimekaa tu. Watu wananiletea chai, inapoa, wananiletea nyingine.

Mama yako

27 Aprili

Mama, shikamoo.

Mgonjwa anaendeleaje? Simu ilikuwa mkononi. Namba ya jirani nilikuwa nimeshaibonyeza. Niliogopa kusikia utakachosema. Barua haijibu papo hapo. Sina sababu nyingine.

Asante kwa kunificha. Msimamizi katukusanya, kasema atakayetoa maneno nje na yeye atoke. Mimi nachanganya, mikono inafanya yenyewe. Mifuko mipya ina picha ya mtoto anacheka. Inatoka kila siku, malori yanapanga foleni getini. Niambie nifanye nini.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mume wangu yuko hai. Figo moja imelala, daktari hajui kama itaamka. Jana alilowesha shuka, kidogo tu, wauguzi wakapiga vigelegele. Mimi nikaitazama shuka. Furaha nadhani iko njiani.

Sasa nisikilize. Leo mama mmoja kijana alikuja kukaa nami kwenye benchi, ana mapacha. Akatoa mfuko, picha ya mtoto anacheka, anataka kukoroga uji. Sikujua nianzie wapi. Nikauchukua, nikaukalia.

"Bibi, unga wangu."

"Ndiyo."

"Umeukalia!"

"Nimeukalia."

"Jamani, huyu bibi vipi? Nyanyuka! Wanangu wana njaa!"

Akanivuta mkono, na wewe uzito wangu unaujua. Mwanamume mmoja akasema mwiteni mlinzi, bibi anaiba unga kwa makalio. Watu wakaangua kicheko. Sikunyanyuka mpaka daktari akaja. Akaniuliza mbele ya wote, bibi, umejuaje? Nikamwambia. Kiwanda, tangi, magunia ya ng'ambo, mifuko mipya. Akauliza, nani kakwambia? Nikataja jina lako na la baba yako.

Sikukuuliza kwanza. Ungenikataza, nami ningekusikiliza.

Yule mama alikuwa ameshaacha kelele. Alikuwa anawapapasa wanawe matumbo, huyu, kisha huyu.

Watu wa afya wanakuja hapo kwenu na polisi, labda kabla barua hii haijafika. Jirani anakupigia tangu mchana, simu yako imezimwa. Wakija, usijifiche. Waoneshe tangi. Waoneshe na hayo mabomba mawili, wasije wakaambiwa ni moja. Kazi utafukuzwa, najua, na wenzako wenye watoto wa kulisha watakuchukia. Sema mama yangu ndiye aliyenitaja.

Ukishawaonesha, njoo. Sisi bado tupo sana hapa. Usiku tunalala kwenye benchi, wanatuacha. Nimekushikia nafasi upande wa ukutani.

Mama yako