Fensi ya Murembe

Kitale

Kwako Mama,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako linasemaje na baridi hii? Na yule ng'ombe, amezaa au bado anawachezea shere? Huku sisi tu wazima. Mtoto ameota meno na anauma kila kinachopita karibu naye, mamake akiwa wa kwanza. Dada yangu Nafula akikusomea barua hii, mwambie asiruke mahali. Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu ni yeye anayeishika, na kila mara ati mtandao umepotea. Mtandao wa huko nyumbani Kamukuywa haujawahi kuwa mbaya hivyo.

Kazi ya stoo ya mahindi inaendelea. Jioni niko shambani, kama kipande kilicho nyuma ya nyumba ya kupanga kinaweza kuitwa shamba. Mimi na mke wangu Nasimiyu tuliamua kupanda mboga za kwetu tu: managu, saga na mrenda. Sukuma wiki ya majirani hupigwa dawa na bado viwavi wanaitafuna. Saga yetu hainyunyiziwi kitu ila jivu, nayo inatutosha na ya kugawa inabaki. Maganda ya jikoni tunayafukia shimoni mpaka yawe mbolea. Maji ya kuoshea mboga hayamwagwi ovyo, na Nasimiyu ameyakalia macho kuliko anavyoukalia mshahara wangu.

Kilichokosekana ni fensi, maana ng'ombe wa mwenye nyumba hawana adabu. Mwenye nyumba ni Mama Njoroge, mmoja wa wale watu wa Mkoa wa Kati waliokuja Trans-Nzoia zamani. Aliniambia nisihangaike na waya, akanikatia matawi kwenye fensi yake mwenyewe. Alisema nichomeke tu, yatashika. Kilikuwa kiangazi, matawi hayana hata jani, miiba mitupu, naye aliuita mti huo muhuti. Nikachomeka pande zote hadi langoni. Majani yalipotoka ndipo nikaujua ni mti gani, lakini ulikuwa umeshashika, na majani yaliyoanguka yalikuwa yanarutubisha maharagwe. Nikauacha. Nilijiambia mti ni mti.

Ndipo ukaja na kuku wako kwapani, kumpa mtoto jina la ukoo. Ulisimama langoni ukaiangalia ile miti mmoja mmoja mpaka kona.

"Kumurembe huu nani amepanda hapa?"

Nikasema ni mimi.

"Basi mimi narudia hapa hapa."

Ukampa Nasimiyu kuku juu ya fensi, ukageuka. Hukumgusa mtoto. Nasimiyu alilia. Mimi nilikasirika, na nikakaa na hasira hiyo siku nyingi. Kitale si mbali na nyumbani, lakini tangu siku ile pamekuwa mbali.

Mama Njoroge aliona yote, akaniuliza umekosewa nini. Nilimweleza kwamba kwetu mti huo ni wa kiapo, kwamba mtu akishtakiwa hupelekwa mbele yake aape, na akiapa uongo hamalizi mwaka. Akatikisa kichwa.

"Kwetu hii ni fensi tu, bana. Ng'ombe haipiti, basi."

Sikumbishia, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyokuwa nikisema. Sikumweleza habari za Baba. Sikumwambia kwamba aliapa mbele ya murembe kwa ajili ya mpaka wa shamba, na tukamzika kabla mahindi hayajakauka. Watu walisema waliyosema. Mimi nasema ni kisukari. Wewe, Mama, hujawahi kusema ni nini, nami sijawahi kukuuliza.

Jumamosi moja mwezi uliopita niliing'oa miti yote. Mahali pake nimepanda miche ya lusiola, ule mti wa nguzo, niliyopata Mabanga. Bado ni mifupi, na ng'ombe wameshaonja managu. Nikichimba nilikuwa nasema kwa sauti kwamba nafanya hivi kwa ajili ya mama yangu, si kwa ajili ya mti.

Halafu Nasimiyu akaokota vipande vilivyokauka ili apikie ugali. Nikamwambia aviache. Akaniuliza kwa nini, si mti ni mti? Mkono wangu ulikuwa umeshamnyang'anya. Niliogopa, Mama. Sina neno lingine la kuiita hali ile.

Sasa rundo liko kando ya choo. Kuchoma siwezi. Kumpa jirani siwezi. Na mvua ya juzi imefanya vipande vingine vichipue pale pale chini.

Nisalimie Nafula na mtandao wake. Msalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na shangazi wa kwaya, mwambie mtoto akilia analia kwa sauti ya kwanza kama yeye. Nasimiyu anakusalimu sana. Kuku wako hatujamchinja, anataga.

Langoni hakuna kitu tena, Mama. Njoo umpe mtoto jina, na uniambie miti hii hutupwa wapi. Baba angekuwepo, ningemuuliza yeye.

Ni mimi mwanao,
Wafula