Kijiwe Cheusi cha Bondeni

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa? Mimi mzima, ila sijalala vizuri. Jana darubini yetu ilinasa nukta inayotembea, haimo kwenye kumbukumbu zetu zozote. Aliyeiona kwanza ni mimi. Ni asteroidi ndogo, jiwe lisilozidi meza yako ya kukatia vitambaa, na linakuja duniani moja kwa moja. Usiogope, litapasukia juu angani, vifike chini vipande vichache tu. Nimepewa kazi ya kukokotoa vitaangukia wapi. Niombee.

Kitindamimba wako

6 Machi

Kitindamimba,

Marahaba. Goti linasumbua, ila cherehani nakanyaga kwa mguu mwingine, kwa hiyo nadunda tu. Shangazi yako alikuja kupima gauni, akauliza kama bado unahesabu nyota badala ya kutafuta kazi ya maana. Nimemwambia gauni lake litachelewa. Jiwe limeanguka? Andika upesi.

Mama

20 Machi

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Jiwe liliwaka angani kama nilivyosema, tukaenda kutafuta vipande kwenye bonde ambalo hesabu zangu zilionyesha. Siku zikapita, hatukupata kitu. Mkuu wetu akaagiza tukunje mahema. Nikamwambia upepo wa juu ulikuwa mkali kuliko tulivyodhani, vipande vyepesi vitakuwa vimesukumwa mashariki. Wenzangu wakaguna. Yeye akanitazama sana, kisha akasema, "Haya, tuongoze."

Tulitembea kwa mstari, macho chini, jua kali. Mara nikaona kijiwe cheusi, kimeungua kama sufuria, hakifanani na mawe ya pale. Nikapiga magoti. Sikukigusa kwa mkono mtupu, nilikifunga kwenye karatasi ya foili kisichafuke. Kina umri mkubwa kuliko milima yote, Mama, na mimi ndiye niliyekiokota. Nililia mbele ya watu. Kesho asubuhi nitahojiwa redioni.

Kitindamimba

22 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nimekusikia. Nilisimamisha cherehani katikati ya mshono. Mtangazaji alipouliza nani aliliona kwanza, ukajibu, "Ni mimi," bila kujitapa wala kunong'ona. Nikaipenda sana hiyo.

Dukani alikuwepo mteja, mgeni kwangu, ameleta suruali ipunguzwe. Naye alikuwa ametega sikio. Ulipomaliza akasema binti huyo anajua kazi yake, sijui ni mtoto wa nani.

Nikavua miwani, nikasimama, nikamwambia, "Wangu."

Mama yako