Vidole Kumi kwa Kisukuma

Jumanne

Hata mimi sikufikiria. Tangu mume wangu Masanja apate kiharusi, mtaalamu wa mazoezi anamwambia, "Mzee, hesabu moja mpaka kumi." Kimya. Mdogo wake naye anasema, "Shemeji, akili imekwisha hiyo. Jumamosi namrudisha kwetu Magu." Utadhani ni gunia la mchele!

Leo mjukuu wetu alipolia, Masanja alimshika vidole akavihesabu kwa Kisukuma. Vyote kumi, bila kuruka hata kimoja.

Kumbe lugha ya utotoni ubongo unaiweka mahali pengine? Na Kiswahili kinaweza kurudi kwa kupitia huko? Kesho nitamuuliza mtaalamu.

Nikamuuliza Masanja kwa Kisukuma kama anataka kwenda Magu.

"Yaya," akasema. Yaani hapana, wazi kabisa.

Shemeji aje tu hiyo Jumamosi.