Mrashi wa Harusi, Mrashi wa Maziko

Ijumaa, Agosti 2006
Al Muraqqabat, Dubai

Joto la leo halina adabu. Ukitoka nje tu, nguo imeshakuganda mgongoni na miwani imeota ukungu. Nimekaa kwenye duka la intaneti hapa chini ya jengo letu, AC inanguruma bila kuleta baridi, na chai niliyonunua imeshapoa sijaigusa. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele, na humu ndani kuna watu.

Mama anakufa Tanga.

Haya, nimelitamka. Wiki nzima nimekuwa nalizunguka neno hilo. Ana uvimbe tumboni, anatakiwa apasuliwe Dar, na hospitali inataka hela kwanza, mgonjwa baadaye. Mimi nauza manukato dukani, na mshahara wangu unaingia kwa mlango na kutokea dirishani. Kitu cha thamani nilichonacho duniani ni kimoja tu, mrashi.

Kwa usiyejua, mrashi ni chupa ya shingo ndefu ya kuwanyunyizia watu marashi kwenye shughuli. Wetu ni wa kioo chekundu chenye maua ya dhahabu, na kofia yake ya fedha ina matundu madogo. Nyumbani ipo miwili, ya tangu mama yake bibi. Wa harusi ulikaa sebuleni, kila mgeni akausifia. Wa maziko ulikaa chumbani, umefungwa kaniki nyeusi, na haufunguliwi mpaka mtu afe. Siku hiyo sisi watoto tulikuwa tunapelekwa kwa jirani. Kwa hiyo sijawahi kuiona yote miwili mahali pamoja. Nadhani hakuna aliyewahi.

Nilipokuja huku Mama alinifungia wa harusi kwenye begi. Akasema mume nitampata tu, nisije nikawarashia wageni kwa viganja. Miaka imepita, wageni wenyewe siwaoni. Mrashi nikautia maua ya plastiki nikauweka juu ya friji. Nacheka nikiandika haya, lakini si kicheko.

Leo baada ya alasiri niliyatoa maua, nikauviringisha kwenye kanga, nikaenda kwa Mzee Nassor. Ni Mzanzibari, ana duka la vitu vya kale huku Deira, na anasifika kwa kutomdhulumu mtu. Akausogeza kwenye taa, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza. Akapitisha kidole kwenye kitako.

"Kitako kimesagika kwa kuwekwa na kuondolewa," akasema. "Huu wa kale kweli. Ya siku hizi vitako vyake laini."

Akanionyesha dhahabu ilivyofifia shingoni, pale walipokuwa wakishika bibi zangu. Kwake kufifia huko ni ushahidi. Nikaanza kumwona Mama kitandani Dar, ameshapasuliwa, anaomba uji.

"Na mwenziwe?" akaniuliza.

"Mwenziwe nani?"

"Bibie, hii huzaliwa pacha. Tazama, ua hili limeinama kulia. La mwenziwe linainama kushoto. Ukiiweka pamoja, maua yanatazamana."

Nikakumbuka. Bibi alipofariki nilichungulia kutoka kwa jirani, nikaona mrashi mwekundu mkononi mwa mtu. Sikuangalia ua limeinama wapi. Nani angeangalia?

Mzee Nassor akaniambia wateja wake wana majumba, wanataka mmoja upande huu na mmoja upande ule. Nikimletea pacha, anaweza kunilipa gharama ya kumpasua Mama na nyingine ikabaki. "Huu peke yake, kwa kweli, utapata tikiti ya kwenda. Ya kurudi itakushinda. Sikudanganyi, mwanangu."

Nilitoka mbio kununua kadi ya simu. Nikampigia Mama mdogo Rukia, mdogo wake Mama, ambaye ndiye anayemuuguza. Nikamwambia aufunge vizuri ule wa maziko, kuna mfanyabiashara wa Naif, hapa Dubai, yuko Dar sasa hivi, atakuja nao.

"Mgonjwa yumo ndani," akasema, "mie niende nikafungue kaniki? Si ndiyo kumkaribisha Ziraili?"

Nikafoka. Nikamwambia ni kioo tu, hakijui harusi wala maziko. Nikamwambia yeye ndiye anayemuua dada yake. Nimemwambia hivyo mtu anayemwogesha mama yangu kila siku.

Halafu nikasikia simu ikipokewa na mtu mwingine.

"Unamfokea nani, mwanangu?"

Sauti ya Mama imebaki uzi. Nikamweleza yote upya, taratibu, kama naongea na mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari mwenyewe hana hakika na huko kupasua," akasema. "Mrashi nina hakika nao. Mama yangu alirashiwa nao, na mama yake naye. Mimi mwataka mnirashie kwa chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko? Niachieni wangu. Huo wako uuze, mwanangu, uje."

Nilitaka kumwambia kwamba maiti haoni. Kwamba namtaka yeye, sitaki maziko mazuri. Kadi ikakatika kabla sijasema.

Namkasirikia. Naomba Mungu anisamehe, namkasirikia mgonjwa. Dawa yake imo chumbani mwake, imefungwa kaniki, na yeye anailinda. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba namwelewa. Ningekuwa mimi, nami nisingetaka chupa ya soda.

Nikarudi dukani. Mzee Nassor akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamjibu khalas, chukua. Akanirudishia kanga yangu imekunjwa vizuri. Mrashi akauweka rafuni peke yake, na safari hii nilitazama. Ua limeinama kulia, kuelekea kwenye nafasi tupu.

Hela ya tikiti ninayo, ya kwenda tu. Kesho asubuhi namkabili kafeel wangu, tajiri aliyenidhamini huku, anipe pasipoti. Ataniuliza nataka ruhusa ya siku ngapi, na mimi sijui mtu hujibu vipi swali kama hilo.

Nimeuza mrashi wa harusi. Sasa naomba kitu kimoja tu. Ee Mola, nikifika Tanga, ule mwingine niukute bado umefungwa.