Wimbo wa "Mi"

Kanae shoga yangu, hili lazima nikusimulie.

Leo kwenye kituo cha wazee walicheza mchezo wa nyimbo, kila mtu aimbe wimbo ambao jina lake linaanza na "Mi". Baba, ambaye siku hizi hata jina langu limempotea, akasimama akaimba "Mizue" mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyeujua. Kumbe kautunga mwenyewe.

Mhudumu akamuuliza, "Mzee, Mizue ni nani?"

"Mke wangu."

Eti "mke wangu", Kanae! Na mama yangu, Fusae, yuko palepale na chai yake mkononi.

Tangu turudi nazunguka tu jikoni, namkwepa mama. Sasa hivi kasema mwenyewe: "Waambie wiki ijayo wachague 'Fu'. Nataka nijue kama na mimi alinitungia."