Vidonge vya Manjano vya Kibibi

Garsen, Mei 1957

Kwa ndugu yangu Buya,

Salamu nyingi zikufikie huko Malindi, wewe na Abdulsalam unayelala naye chumba kimoja. Natumaini kikohozi chako kimekwisha. Mimi ni mzima wa mwili; moyo ndio haujatulia.

Umeandika: "Dawa moja yatosha. Kibibi amepona kwa moja, na Halima atapona kwa moja. Dawa mbili kwa ugonjwa mmoja ni uroho tu, na mimi mume wa wake wawili sipendelei." Kila nikiyasoma maneno hayo nakasirika upya. Umekosea, Buya, tena umekosea kwa kujiamini.

Sisemi kila anayeumwa akikojoa apewe dawa mbili. Hata Jefwa, dresa wa zahanati, nilipombana alikiri kwamba madaktari wenyewe wanabishana. Wengine wanasema moja yatosha, ya pili ni kumsumbua mgonjwa tumbo bure. Wengine wanasema mbili pamoja huziba njia ambayo ugonjwa ungetorokea. Nikamwambia aache kunitajia madaktari, anitajie Halima. Akasema Halima si mgonjwa mpya. Kabla ya Ramadhani alipewa salfa peke yake, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi na kupanda hadi kwenye figo. Ndiyo maana safari hii alikukabidhi vidonge vyeupe vya salfa na vingine vya manjano, vyote vya mtu mmoja, vimezwe pamoja.

Nawe ulifanya nini? Kibibi aliposema naye anaungua akikojoa, uligawa dawa kama unavyogawa leso: vyeupe kwa mke mkubwa, vya manjano kwa mdogo. Nilikuwepo. Nikakuambia dawa si leso, ukanijibu kwamba mwanamume wa mke mmoja asikufundishe uadilifu. Tukacheka. Sasa sicheki.

Tangu uondoke Halima amemeza vyeupe vyake vyote, na homa haikushuka. Anatetemeka mpaka kamba za kitanda zinalia. Mkojo ni mchache, mwekundu kama maji ya mto huu ulivyofurika. Jana alimwita marehemu mama yake, akamwuliza kama mpunga umeshavunwa. Jefwa ameitwa Hola, na njia ya huko imefunikwa na maji. Naogopa, Buya. Nimebishana na machifu na mapadri, wala sikuwahi kuogopa hivi.

Leo asubuhi Kibibi alinijia akilia, amefunga kitu kwenye pindo la leso yake. Alipofungua niliona vidonge vya manjano, vyote, hajameza hata kimoja. Hakuwa mgonjwa. Alikuona umekaa kitandani kwa Halima, umemshika paji la uso, akatamani naye uhangaike kwa ajili yake. Huyo ndiye shahidi wako aliyepona kwa dawa moja!

Tukampelekea Halima. Akakataa. Kibibi alimweleza kila kitu na kuapa. Halima akatabasamu, akamwambia kwamba anamdanganya kwa huruma, na kwamba akivitoa vidonge hivyo, yeye ndiye atakayeungua kesho. Nikasema dhambi niibebe mimi. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba shemeji hajawahi kukosa maneno, lakini aliyegawa ni bwana, na haki ya mwenzake hataimeza mpaka bwana mwenyewe aseme. Nilijaribu kumtia kidonge mdomoni, akafunga meno. Basi hoja zangu zote, pamoja na vitabu vyangu vyote, zimeshindwa na neno lako moja. Anajua mwandiko wako. Wangu hauna kazi hapa.

Watoto wanakusalimu. Mama yetu yuko kwenye msala akiomba, hajala tangu jana. Kibibi hathubutu kukutumia salamu. Amekaa kando ya kitanda cha Halima anampepea.

Mleta barua ni Guracha, yule muuza ng'ombe. Amevuka kwa mtumbwi kwa ajili yetu, na hatakaa kunywa chai; atarudi papo hapo na karatasi hii. Buya, kabla hujaikunja karatasi hii, andika kwa mkono wako: "Halima, vidonge vyote ni vyako. Meza." Usinijibu mimi, usijitetee. Nawe Abdulsalam, usimwache atoke kwenda kutafuta ushauri. Mpe kalamu.

Kaka yako,
Swaleh