Tundu la Kidoti

Nyumba ya Pembeni,
Nyuma ya Ghala la Nafaka.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kiherehere,

Hujambo huko uliko? Goti lako limekubali kupanda ngazi, au bado linakuringia? Mimi mzima, ila meno yamebaki mawili, nayo hayasalimiani.

Siku hizi mimi ni fundi mkubwa wa kufuma, mtaa mzima unakuja kujifunza kwangu. Haya, nimekudanganya. Fundi ni binti yangu. Mimi nashikishwa nyuzi mikononi kama kigingi, naye anazikunja.

Tangu lori limuue mwanawe, Kidoti wetu, alikuwa amelala tu, kageukia ukuta. Majirani wakashindwa kumwita Mama Kidoti. Wakawa wanamwita "wewe dada". Asubuhi moja akaamka, akafumua sweta zote za mtoto, akapigilia misumari kwenye fremu ya dirisha bovu, akaanza kusuka kitambaa. Chakula kikaanza kupita kooni. Akanigombeza hata kwa kukohoa, nikafurahi.

Ila katikati akaacha tundu. Unanijua, nimeshona magunia ghalani maisha yangu yote. Nikiona tundu mkono unawasha. Alipokwenda dukani nikaliziba kwa kamba ya katani, nikalikaza barabara, nikakaa kungoja sifa.

Aliporudi akalipapasa kwa kidole. "Baba, nani kakwambia hili ni tundu? Hapa ndipo Kidoti alipo."

Niliifumua kamba mwenyewe, kwa meno haya haya mawili. Siku hiyo sikuwa na mzaha.

Sasa nyuzi zimekwisha, na ukingo wa pale pa Kidoti haujafungwa. Usipofungwa, kazi yote itafumuka. Nilimnunulia uzi mpya, hakuugusa. "Huu haumjui," akasema. Tangu juzi kageukia ukuta tena, nami naongea peke yangu kama redio.

Msalimie shemeji, mwambie apunguze kukoroma, na wale mapacha wako watundu. Mungu akushike mkono kila ngazi unayopanda.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukininunia,
Mzee Magunia.

Nyongeza: Unaukumbuka ule mtungi ulioupasua wewe, nikachapwa mimi? Uliapa utanilipa. Basi nilipe. Kidoti alisahau kofia yake ya sufu kwako alipokuja likizo. Itume. Usiifue.